Nani kaipita njia mara ngapi? Vita ya mazoezi kwenye enduro, na somo ambalo Safari Rally ilishalitoa

Mwendesha baiskeli wa enduro akishinda kwa sekunde mbili, wapinzani wake hawaanzi kwa kuuliza alitumia baiskeli gani. Wanauliza jambo jingine: huyu kaipita njia hii mara ngapi kabla ya leo?

Swali hilo limekuwa likiutesa mchezo huu tangu ulipopata mashindano yake ya dunia mwaka 2013. Nani aruhusiwe kufanya mazoezi kwenye njia ya mbio, kwa siku ngapi, na nani atamkamata anayeingia kwa mlango wa nyuma?

Kwa wengi wetu enduro bado ni ngeni. Lakini ugomvi wenyewe si mgeni kabisa. Afrika Mashariki iliubeba kwa miongo kadhaa kupitia Safari Rally, na majibu yaliyopatikana kule yanasema mengi kuhusu haki, hela na mtu anayeitwa "mwenyeji".

Enduro ni nini hasa?

Ni mbio za baiskeli za milimani zenye vipande vinavyopimwa muda, vinavyoitwa hatua. Karibu hatua zote ni za kuteremka. Kutoka mwisho wa hatua moja hadi mwanzo wa nyingine, mshindani anapanda mlima kwa miguu yake mwenyewe, na safari hiyo haihesabiwi kwenye muda wa mbio, mradi asichelewe. Mwisho wa siku muda wa hatua zote unajumlishwa. Mwenye muda mdogo ndiye mshindi.

Hakuna anayekimbizana bega kwa bega. Kila mtu anateremka peke yake dhidi ya saa, katikati ya miti, mizizi, mawe na kona ambazo huwezi kuona zinaishia wapi.

Hapo ndipo mazoezi yanapogeuka mali. Anayejua kwamba baada ya jiwe kubwa kuna kona kali ya kushoto ataliachia breki mapema. Asiyejua atapunguza mwendo ili aone kwanza. Kila kona inampotezea kidogo, na kwenye hatua yenye kona nyingi hizo ni sekunde za kutosha kumtoa mtu jukwaani.

Njia tatu, lawama tatu

Waandaaji wa mbio za aina hii wamejaribu mifumo mitatu, na kila mmoja una watu wake wanaoulalamikia.

*Wa kwanza: hakuna kuona kabisa.* Mshindani anaikuta njia siku ya mbio. Mashindano ya siku nyingi kama Trans-Provence ya Ufaransa yalijijengea jina kwa mtindo huu. Uzuri wake ni kwamba unapima uwezo wa kusoma ardhi kwa macho. Ubaya ni kwamba mtu mmoja tu aliyewahi kupita pale anaharibu mizani yote. Halafu kuna hatari: kuteremka kwa kasi ya mashindano mahali usipopajua kunavunja mifupa.

*Wa pili: mazoezi rasmi yenye kikomo.* Njia zinatangazwa, zinafungwa, kisha washindani wanapewa siku moja au mbili za kuzipita, mara nyingi mara moja kwa kila hatua. Wengi hufunga kamera kwenye helmeti, usiku wanakaa hotelini na kuitazama video tena na tena. Mashindano makubwa ya dunia yameegemea zaidi upande huu.

*Wa tatu: mazoezi huru.* Njia inajulikana mapema, kila mtu aje anapotaka, apite anavyotaka. Hakuna wa kufukuzana naye wala wa kumshtaki. Shida yake ni moja tu, nayo ni kubwa: mwenye hela anafika wiki tatu kabla, asiye nazo anafika juzi.

Ukiangalia vizuri, utaona mfumo wa pili ndio unaozaa tuhuma nyingi. Sababu ni rahisi. Palipo na uzio ndipo pana mtu wa kuruka uzio. Njia ya mlimani haina geti. Mtu anaweza kuamka alfajiri, kuvaa nguo zisizo na jina la timu yake, akateremka mara tatu na kurudi kunywa chai. Waandaaji wanaweza kumwongezea muda au kumfuta kabisa, lakini kwanza wamkamate.

Na anayeishi hapohapo je?

Hili ndilo fundo lenyewe. Mwaka 2015 Greg Callaghan wa Ireland alishinda hatua ya mashindano ya dunia iliyofanyika kwao, Wicklow. Mwaka 2017 Jesse Melamed wa Canada alishinda Whistler, milima anayoijua kama kiganja cha mkono wake. Hawa si wadanganyifu. Melamed alikuja kuwa bingwa wa jumla wa dunia mwaka 2022, kwa mbio zilizofanyika nchi mbalimbali, kwa hiyo uwezo wake hauna ubishi.

Lakini ni vigumu kusema ujuzi wa nyumbani haukuwasaidia hata kidogo.

Wakazi wa delta ya Rufiji hawahitaji kufundishwa jambo hili. Nahodha anayetoka Nyamisati kwenda visiwani, Maparoni ikiwemo, hasomi ramani. Anajua mlango upi una fungu la mchanga, mkono upi wa mto unapitika maji yakijaa tu, na wapi boti itakwama bamvua ikipwa. Mpe boti ileile mtu wa mjini, injini ileile, mafuta yaleyale. Hatafika muda mmoja na huyu, kama atafika.

Historia ya hapo hapo inathibitisha. Mwaka 1914, baada ya kuizamisha meli ya Uingereza ya Pegasus kwenye bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba, manowari ya Ujerumani Königsberg ilijificha ndani ya delta. Waingereza walikuwa na meli nyingi na mizinga mikubwa, ila hawakuijua mikono ya mto. Iliwabidi kutuma mtu wa kupeleleza vina vya maji, kurusha ndege kutoka kisiwa cha Mafia, na kuleta meli zenye kina kifupi. Königsberg iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915, miezi mingi baadaye.

Kujua njia ni nguvu. Swali ni kama nguvu hiyo ni halali kwenye mchezo.

Safari Rally: miaka 19 mgeni hashindi

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalikuwa ya maelfu ya kilomita, kwenye barabara za kawaida ambazo hazikufungwa. Malori yalikuwa humo, mabasi yalikuwa humo, ng'ombe nao walikuwa humo. Mvua ikinyesha, barabara uliyoiona jana inageuka mto. Mwaka 1963 na mwaka 1968, magari saba tu ndiyo yaliyomaliza.

Timu za Ulaya zilikuja na madereva wakali na magari ya kiwandani. Zikaondoka mikono mitupu, mwaka baada ya mwaka.

Walioshinda walikuwa watu wa hapa. Bert Shankland, dereva wa Tanzania, alichukua ushindi mwaka 1966 na akarudia 1967 kwa Peugeot 404. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Hadi leo jina lake linatajwa na wazee wanaokumbuka magari yakipita vijijini kwao.

Walikuwa na nini ambacho Wazungu wa kiwandani hawakuwa nacho? Walikuwa na mazoezi ya maisha. Walijua tope jeusi likilowa linafanyaje, mto upi unashuka baada ya saa ngapi, na kwamba palipo na ndama mmoja kando ya barabara, mama yake yuko upande wa pili.

Ilichukua hadi mwaka 1972 kwa dereva kutoka nje kushinda. Alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, kwa Ford Escort. Tangu mashindano yaanze, miaka 19 ilikuwa imepita.

Hela ilipojifunza njia

Mikkola alifungua mlango, lakini mlango haukufunguka wote siku hiyo. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeshindana akiwa Kenya, alishinda mara tano: 1973, kisha minne mfululizo kutoka 1979 hadi 1982. Rauno Aaltonen wa Finland alirudi mara nyingi, akashika nafasi ya pili mara kadhaa, na hakushinda kamwe.

Halafu mizani ikaanza kuhama. Timu kubwa ziligundua kwamba ujuzi wa mwenyeji unaweza kununuliwa. Zilikuja mapema, zikapiga majaribio ya muda mrefu, zikaandika madaftari yenye kila shimo na kila daraja. Siku ya mbio helikopta iliruka mbele kumwonya dereva kuhusu wanyama na watu barabarani.

Matokeo yakaonekana. Mwaka 1985 Juha Kankkunen alishinda Safari mara ya kwanza tu aliposhiriki, akiwa na Toyota. Kile kilichowachukua wenyeji maisha yao yote kukijifunza, timu yenye mfuko mnene ilikipata kwa maandalizi ya msimu.

Hapa pana funzo ambalo mjadala wa enduro mara nyingi unalipita. Watu wanamnyooshea kidole kijana anayeishi karibu na njia. Wakati huohuo timu inayokodi nyumba kwa mwezi mzima, ikaleta gari la kupandisha baiskeli mlimani, fundi na mpiga video, haisemwi. Ule wa kijana unaitwa "faida isiyo ya haki". Ule wa timu unaitwa "maandalizi".

Leo ni mara mbili tu

Safari Rally ilirudi kwenye mashindano ya dunia tarehe 24 hadi 27 Juni 2021, baada ya kukosekana tangu 2002. Ilirudi ikiwa tofauti kabisa. Safari hii ni hatua fupi kuzunguka Naivasha, zilizofungwa kwa magari mengine.

Sheria ya kukagua njia nayo ni ya dunia nzima: kila dereva na msomaji ramani wake wanapita kila hatua mara mbili tu, kwa gari la kawaida na kwa mwendo uliodhibitiwa. Wanaandika maelezo ya kila kona, basi. Nje ya ratiba hiyo, hawaruhusiwi kujiendea kwenye njia za mashindano.

Kwenye karatasi, hiyo ni haki tupu. Mkenya mara mbili, Mfaransa mara mbili, Mjapani mara mbili.

Matokeo? Sébastien Ogier 2021, Kalle Rovanperä 2022, Ogier tena 2023, Rovanperä tena 2024, Elfyn Evans 2025. Mara zote tano gari lilikuwa Toyota. Mwaka 2022 na 2023 Toyota ilichukua nafasi nne za juu zote.

Mtu anaweza kuuliza: si ndiyo hapo, sheria imemnyang'anya mwenyeji silaha yake pekee, ikamwacha tajiri na zake zote? Gari la daraja la juu, wahandisi, kompyuta zenye takwimu za misimu iliyopita, vyote hivyo havina sheria ya "mara mbili tu".

Hoja hiyo ina uzito. Ila ina upande wa pili. Bila kikomo, Toyota ingepita njia hizo mara mbili au mara mia mbili? Dereva wa Nairobi anayejitafutia wadhamini mwenyewe angemudu mara ngapi? Kikomo hakikumwondolea tajiri utajiri wake, lakini kimemzuia kuutumia kwenye jambo moja muhimu.

Kigali: njia isiyo na siri

Kuna mfano mwingine wa karibu, tena wa baiskeli. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, zenye milima mingi ya kukata pumzi.

Pale hakuna aliyezungumzia kuiba njia. Barabara za mji haziwezi kufichwa. Kilima cha mawe maarufu kama Mur de Kigali kilishatumika kwenye Tour du Rwanda, na kila Mnyarwanda mwenye baiskeli angeweza kukipanda kila asubuhi akitaka.

Aliyeshinda? Tadej Pogačar wa Slovenia, akifuatiwa na Remco Evenepoel wa Ubelgiji na Ben Healy wa Ireland. Kwa wanawake alikuwa Magdeleine Vallieres wa Canada.

Kwenye barabara ya lami, miguu na mapafu vinaamua zaidi kuliko kumbukumbu ya kona. Ndiyo maana tatizo la mazoezi ni zito kwenye enduro kuliko kwenye mchezo mwingine wa baiskeli: pale kumbukumbu ni sehemu ya kasi yenyewe.

Nani anaumia zaidi?

Chukua mfano wa kawaida. Kijana wa Afrika Mashariki anapata nafasi ya kushindana Ulaya. Analipa viza, tiketi, mzigo wa baiskeli kwenye ndege, chumba na chakula, mara nyingi kwa kuchangiwa.

• Mazoezi yakiwa ya siku mbili rasmi, anahitaji kukaa siku nne au tano. Inawezekana.

• Mazoezi yakiwa huru na wenzake wakiwa pale kwa wiki tatu, naye anahitaji wiki tatu. Gharama ya malazi peke yake inaweza kumtoa kwenye mchezo.

• Mazoezi yakiwa na kikomo kwenye karatasi lakini hakuna anayekisimamia, anapoteza mara mbili. Yeye anafuata sheria kwa sababu hawezi kufika mapema hata akitaka, na wenzake wanaivunja kwa sababu wanaweza.

Hilo la tatu ndilo baya kuliko yote. Sheria isiyosimamiwa haimuumizi mjanja, inamuumiza mwaminifu, na zaidi yule mwaminifu anayetoka mbali. Kwa maana hiyo, mazoezi huru yaliyo wazi ni afadhali kuliko kikomo cha uongo, maana angalau kila mtu anajua hali ilivyo.

Wanaoteseka si Waafrika peke yao. Ulaya na Amerika nako kuna waendesha baiskeli wanaojilipia wenyewe, wanaolala ndani ya gari na kurekebisha breki zao kwa mikono yao. Nao wanaisoma sheria hii kwa macho yaleyale.

Basi haki ifananeje?

Ukikusanya uzoefu wa Safari na wa enduro, mambo manne yanajitokeza.

*Tangaza kwa kuchelewa.* Njia isiyojulikana haiwezi kuibiwa. Muda mfupi kati ya kutangaza na kushindana unapunguza nafasi ya ujanja kuliko askari mia msituni. Mwenyeji atakuwa ameshapita baadhi ya vijia, lakini hatajua ni vipi vitatumika.

*Hesabu mapito, usihesabu siku.* Siku mbili za mazoezi bila idadi ya mapito ni zawadi kwa mwenye gari la kumpandisha mlimani. Mapito mawili ni mawili kwa kila mtu. Safari ya sasa imeliona hilo.

*Fuatilia kwa kifaa, si kwa tetesi.* Kifaa kidogo cha GPS wakati wa mazoezi kinamaliza ubishi mwingi. Tuhuma za mdomoni zinaharibu jina la mtu asiye na kosa, hasa mwenyeji aliyeshinda kwa haki.

*Usimwadhibu mtu kwa kuzaliwa mahali.* Mwenyeji akifuata sheria tangu njia zilipotangazwa, anachokijua kabla ya hapo ni chake. Mbio zinahama kila mwaka. Leo kwao, kesho kwa mwingine. Anayepaswa kubanwa ni yule aliyepita baada ya kuambiwa asipite.

Jambo la mwisho ndilo gumu kukubalika, kwa sababu linaacha pengo. Mwenyeji ataendelea kuwa na chochote kidogo zaidi. Lakini Safari iliwaonyesha watu kitu hicho kina thamani gani: dereva wa Tanzania akiishinda Ulaya nzima mara mbili mfululizo si dosari ya mchezo. Ndiyo sababu moja wapo iliyoufanya mchezo upendwe vijijini.

Kujua ardhi uliyokulia ni sehemu ya umahiri wa mtu. Kupita usiku kwenye njia iliyofungwa ni wizi. Mamlaka za enduro zikiweza kutenganisha mambo hayo mawili, na zikawa na ujasiri wa kumfuta nyota mkubwa anayekamatwa siku ya kwanza, kijana mwenye siku nne na tiketi ya kuchangiwa atakuwa na sababu ya kupanda ndege.